Kufuli la Bi Tausi

Tunu na Rajabu, wajukuu zangu, juzi mlikuja kunisalimia. Nilifurahi, maana tangu sikukuu ya mwaka juzi sikuwaona, nikajisemea hapa lipo jambo. Shikamoo haijapoa mkaniuliza: "Bibi Zuhura, wewe ulifanya kazi ya kulea wazee waliopoteza kumbukumbu. Kuna kituo gani kizuri cha kumpeleka babu, na bei zao zikoje?" Kabla sijafungua mdomo simu ya Rajabu ikalia, mkasema mna haraka, mkaondoka mkaniachia chai yenu na mfuko wenu. Chai nilikunywa. Mfuko niliufungua, maana mimi ni mzee na wazee siku hizi hatuna adabu. Ndani nikakuta kufuli. Jipya, zito, la kufungia ghala la mahindi.

Hongereni. Mdomoni mnauliza kituo, mkononi mmebeba jela.

Basi kwa kuwa masikio yenu yana shughuli nyingi, nimeamua kuandika. Humo kwenye simu mnasoma kutwa habari za watu msiowajua, hamtashindwa kusoma za nyumbani kwenu. Nitawaeleza kazi yangu, na nitawaeleza habari za kufuli lingine lililowahi kufungwa katika nyumba hiyohiyo yenu ya Ujiji. Aliyelifunga ni babu yenu Hamisi, huyo mnayetaka kumfungia.

Kazi hii sikuisomea. Nilianza hospitalini mjini Kigoma, mhudumu wa wodi. Daktari alikuwa na koti, muuguzi alikuwa na kofia, mimi nilikuwa na ndoo. Aliyenifundisha ni Mama Adela, Muha wa Mwandiga, mhudumu wa siku nyingi, mfupi, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Mwamgongo, amesahau kila kitu isipokuwa ngumi. Ukimgusa umwogeshe anakutandika. Wauguzi walikuwa wanamfunga shuka mikononi, wanamwogesha anapiga kelele, wodi nzima inalia naye. Siku moja Mama Adela akawatoa wote, tukabaki mimi na yeye. Akaburuta beseni la maji mpaka kitandani, akasema, "Mzee, mtumbwi unavuja! Ingia tutoe maji!" Yule mzee akaruka kama kijana, akaingia kwenye beseni, akaanza kukumba maji kwa mikono yote miwili. Alioga vizuri sana. Sisi ndio tuliotoka tumelowa.

"Umeona?" Mama Adela akaniambia tukipiga deki. "Usimvute aje ulipo wewe. Mfuate aliko yeye, ndipo mtarudi pamoja."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote, wala hakuna aliyenipa cheti. Mengine nilijiokotea njiani. Mkeka wenye mistari myeusi usiutandike mlangoni, anauona shimo, hatavuka hata umwite kwa ngoma. Bakuli lenye maua usimpe, atahangaika kuokota maua aache wali. Na jua likianza kushuka upande wa Kongo, hapo jiandae. Saa hizo wengi wao wanataka kwenda kwao. Anachukua kanga yake au bakora yake, anasimama mlangoni, anaaga. Mjinga atamwambia, "Lakini hapa si ndiyo kwako!" Mama Adela alikuwa anamwambia, "Haya, ngoja nikusindikize," kama unavyomsindikiza mgeni yeyote. Anamshika mkono, wanaizunguka wodi polepole wakiongea, wanarudi mlango uleule, anabisha hodi, wa ndani anaitikia karibu. Mgonjwa anaingia, anakaa, amefika.

Sasa tuje kwenu.

Bi Tausi alikuwa mama yake babu yenu. Nyinyi hamkumwona. Alikuwa mjane muuza mawese, mtu safi, kipimo chake hakuna aliyewahi kukilalamikia. Babu yenu Hamisi alikuwa na duka la nafaka na nyumba ya mbele ya kupangisha, na alikuwa na ukoo. Jamani, ukoo! Kwa maneno ya Hamisi, wao wote walitoka pwani, waungwana watupu, ingawa katika nyumba ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo pwani.

Bi Tausi alianza taratibu. Siku moja mawese kwenye chai. Siku nyingine amevaa kanga tatu na hana kiatu. Kisha akaanza kumuulizia mumewe, ambaye alikuwa amekufa zamani sana. "Baba yenu mbona harudi?"

Na babu yenu, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliona kudanganya ni dhambi. Akamwambia ukweli. "Mama, baba amekufa."

Yule mama akaangua kilio. Majirani wakaja mbio na kanga kichwani, mmoja kabeba unga, mwingine sukari, wakidhani pana msiba. Ulikuwepo, ila ulikuwa wa zamani. Bi Tausi akavua bangili, akajifungia, akaanza kukaa eda. Kesho yake amesahau, anauliza tena, Hamisi anamwambia tena, kilio tena, eda upya. Yule mama alifiwa na mume mmoja kila asubuhi ya Mungu, na mwanawe akiamini anapata thawabu. Ikafika mahali majirani hawaji tena na sukari. Walikuwa wanasema tu, "Ah, Bi Tausi kafiwa," wanaendelea kupepeta mchele.

Nyinyi mnadhani mmeanza leo kutafuta matunzo. Hamisi alitafuta. Alimpeleka kwa daktari, daktari akasema ni uzee, akaandika vidonge vya kuongeza damu. Alimpeleka kwa mganga mmoja huko Ilagala, mganga akasema kuna mtu kaifunga akili ya mama kwenye chungu, alete kuku mweusi. Kuku aliliwa, chungu hakikuonekana. Akasikia kuna mama mwingine huko Mwandiga anapokea wazee kwa malipo. Tukaenda naye kupaona, maana wakati huo mimi nilikuwa nimeacha hospitali na alitaka jicho la mzoefu. Kweli, pasafi. Wazee wamekaa ukutani wametulia tuli, mate yanawatoka, asubuhi kweupe. Hamisi akasema, "Mashallah, wana utulivu." Nikamwambia, "Hamisi, hawa wamepewa dawa ya usingizi. Hata wewe ukipewa utatulia, tena itakusaidia." Tukarudi.

Mwisho wakaita kikao cha ukoo. Walikuja kutoka Dar, walikuja kutoka Mwanza. Kila mmoja alisimama akaeleza mama alivyomlea kwa shida, wakalia, wakala pilau, wakamaliza kwa dua. Ilipofika nani atakaa na mama, kila mmoja akakumbuka ana safari. Yule wa Dar alichangia chupa ya chai. Nzuri kweli, ya maua.

Basi nikaajiriwa mimi. Na malipo msiulize. Hamisi alilia hali ngumu, wakati miaka ile ya wakimbizi hali ngumu kwake ilikuwa kuhesabu pesa. Watu walikuwa wanavuka ziwa na mipaka kutoka Burundi na Kongo wakiwa na vita mgongoni, kambi zimejaa, mashirika yametua na magari meupe kila kona. Chumba chenye panya wake kikapangishwa kwa bei ya ghorofa. Hamisi nyumba ya mbele kaipangisha kwa watu wa shirika, maharage yake yanakwenda kambini kwa lori. Mimi akanilipa migebuka. Mwisho wa juma nafungiwa samaki kwenye gazeti, naambiwa, "Dada Zuhura, Mungu atakulipa zaidi." Nikajibu amina, ila ningependa Mungu anilipe kupitia kwako.

Nilikubali kwa sababu nilimpenda yule mama. Siwafichi. Alikuwa na kicheko cha kitoto, na nikimwosha miguu alikuwa ananishika kichwa ananiombea. Tulielewana. Alipouliza mume nilimwambia kaenda sokoni. Jioni nilimsindikiza mpaka kona ya msikiti tukarudi. Kilio kikaisha, eda ikaisha.

Ndipo Kiswahili chake kikaanza kuondoka.

Kwanza neno mojamoja, kisha chote. Kikabaki Kirundi. Mimi mama yangu ni Muha, Kiha na Kirundi havipishani sana, kwa hiyo tuliendelea kuongea kama kawaida. Kumbe Bi Tausi alizaliwa mwambao wa Burundi, akaletwa Ujiji msichana na mjomba wake mfanyabiashara, akaolewa, akajifunza Kiswahili, na hakuna aliyemuuliza tena. Sasa alikuwa anarudi alikotoka kwa njia ileile aliyojia. Anasalimia kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, salamu ndefu za kuulizana mpaka ng'ombe. Na jioni mlangoni neno lake lilikuwa moja: "Ndashaka gutaha." Nataka kwenda nyumbani.

Babu yenu alitaka kufa. Huko mitaani alikuwa anasema wakimbizi wamemaliza kuni, wameleta wizi, wamepandisha bei ya kila kitu, kana kwamba maharage yale yalikuwa yanajipandisha bei yenyewe. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akataka Warundi wote wakusanywe wapelekwe kambini, "hata wale waliojificha kwa kuzoea mji." Alipigiwa makofi. Sasa siku moja wamekuja wazee wa msikiti kumtembelea, anawamiminia kahawa, mama katokea ukumbini, kainama, anawapigia makofi na kuwaamkia kwa Kirundi safi kabisa. Hamisi akasema, "Mama ana homa, anaweweseka."

Kesho yake akaja na kufuli.

Nilimwambia mbele ya bibi yenu Sofia, Mungu amrehemu, "Hamisi, humu ndani atakaa mmoja. Ama hilo kufuli, ama mimi." Akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "Ni kwa usalama wake, dada. Asije akapotea." Akanishukuru kwa huduma, akanifungia migebuka ya mwisho. Mimi nikatoka, kufuli likabaki.

Nilisikia kwa Sofia yaliyofuata. Bi Tausi alikuwa anasimama nyuma ya ule mlango kila jioni, anabisha hodi kutokea ndani. Hodi, hodi, mpaka sauti inakauka. Sofia alikuwa anakaa upande wa pili analia, funguo kakaa nazo mumewe.

Ijumaa moja Hamisi akamwachia Sofia funguo ili mama aogeshwe. Maji yakachemka jikoni, Sofia akageuka kuyaepua. Aliporudi, mlango uko wazi, chumba kitupu.

Wanaume walikuwa msikitini. Barabarani ulikuwa unapita msako wa kukusanya wakimbizi waliotoka kambini, uleule babu yenu aliouomba kwa sauti mkutanoni. Vijana wa msako wenyewe wageni, wameletwa kutoka mikoa ya mbali, Kiha hawajui, Kirundi hawajui. Wakamkuta bibi kasimama na kanga yake, wakamuuliza anatoka wapi. Akawajibu, "Ndashaka gutaha." Wao wakasikia lugha ya wakimbizi tu. Wakampandisha mbele kwa dereva, wakampa maji, wakamfunika miguu. Heshima aliyoikosa chumbani kwake aliipata kwenye lori la msako.

Hamisi hakujua hayo. Yeye alikimbilia ziwani. Alikuwa ameshika moja tu kichwani, kwamba mama amekwenda kutafuta kwao, na kwao ni ng'ambo ya maji. Alinijia mlangoni kanzu imelowa mpaka kifuani, wavuvi wamemtoa majini kwa nguvu. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, tena makali, nimeyanoa tangu siku ya migebuka ya mwisho. Akasema, "Dada Zuhura, nimemuua mama yangu." Nikavaa viatu.

Tuliuliza njia nzima mpaka mama mmoja muuza mihogo akasema, "Bi Tausi? Si nimemwona kapanda lori la wakimbizi! Nilimpungia mkono, naye akanipungia. Nikajua mnampeleka hospitali."

Kambini tulifika siku ya tatu. Palikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa mmoja mwanamama, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Hamisi akajitambulisha kwa sauti ya ukoo, pwani yao na yote. "Nimekuja kumchukua mama yangu, amechukuliwa kimakosa."

"Baba, hapa wote wamechukuliwa kimakosa," afisa akasema. "Anaitwa nani?"

Wakaenda kumwita. Bi Tausi akaja ameshikana mkono na mwanamke mmoja mrefu mwembamba, kavalishwa kitenge cha watu, kaoga, kachanwa nywele. Niliona hata mashavu yake yamechangamka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Bibi, unamjua huyu baba?" afisa akauliza, na yule mwanamke akamtafsiria kwa Kirundi.

Bi Tausi akamtazama Hamisi muda mrefu. Akasema neno, akajificha nyuma ya yule mwanamke.

"Amesemaje?" Hamisi akaniuliza mimi.

Ningeweza kumpunguzia. Sikumpunguzia. "Amesema anakujua. Wewe ndiye bwana mwenye funguo."

Babu yenu alishika ile meza kwa mikono miwili. Na afisa naye hakumsaidia. "Baba, mimi hapa naona bibi anayeongea Kirundi na hakutambui kuwa mwanawe. Wewe unaniambia ni Mtanzania, mtu wa pwani. Nieleze hiyo pwani."

Nyuma yetu walikuwa wamesimama jirani zetu wawili wa Ujiji waliokuja kuuza maharage. Hamisi aliwaona. Nilimwona akiwaona. Kisha akasema, na safari hii bila ile sauti ya ukoo, "Mama yangu ni Mrundi. Kazaliwa huko, kaletwa Ujiji msichana, kanizaa. Mimi ni mtoto wa Mrundi. Kama ni kosa, niandikeni na mimi, mnipe turubai langu nikae naye hapa."

Sitawaongopea, wajukuu zangu. Nilikuwa na kinyongo na mtu yule, na pale pale kikanitoka.

Afisa aliamini, ila Bi Tausi aligoma. Akang'ang'ania mkono wa yule mwanamke, gari hapandi. Mwanamke huyo jina lake Kapitolina. Alimwokota Bi Tausi siku alipoteremshwa kwenye lori, akamweka kwenye turubai lake pamoja na mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa amesahau kila kitu. Nikamuuliza jioni anafanyaje wakianza kuaga. Akacheka. "Hapa kambini kila mtu anataka gutaha, mama. Hawa wawili wametuzidi kwa kulisema tu. Mimi nasema *ego, tugende*, ndiyo, twendeni. Tunakwenda mpaka bombani, tunarudi, wanalala." Mimi nikafikiria Mama Adela wa Mwandiga, ambaye hajawahi kumwona mtu huyu.

Hamisi akamwambia, "Dada, njoo ukae na mama yangu. Nitakulipa. Taja bei, sitabishana." Na Hamisi kusema hatabishana bei ni jambo ambalo duka zima la nafaka lisingeamini.

Kapitolina akaonyesha kwa kidevu kikongwe aliyekaa kwenye kivuli cha turubai, anapepeta mchele usiokuwepo. "Bei yangu ni yule pale. Mahali atakapolala mama yako, alale na mama yangu. Atakachokula wako, ale na wangu. Hiyo nyingine utanipa ukipenda."

Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakitoki bila mdhamini. Mdhamini akawa yule yule wa mkutano wa mtaa. Siku hizo ukimkosa dukani, utamkuta kwenye foleni ya ofisi fulani, kofia mkononi, anaomba Warundi wawili waruhusiwe kuishi kwake. Jirani zetu wa maharage walishafika Ujiji kabla yetu, habari imejaa mpaka baraza za kahawa. Wapo walioacha kumsalimia. Kibali kikapatikana. Kufuli Sofia alilihamishia bandani kwa kuku, akasema kuku hawana kinyongo.

Nami nikarudishwa kazini, tena nikapanda cheo: nikawa nalipwa kuhe, samaki wa wenye nacho, badala ya migebuka, na pesa ndani ya gazeti. Tulipokezana mimi na Kapitolina. Vikongwe wawili wakawa marafiki wa kugombana, kila mmoja akimwona mwenzake mgeni aliyezidisha kukaa.

Siku ya kwanza Bi Tausi alipomuulizia mumewe mbele ya Hamisi, Kapitolina akamtafsiria. Hamisi akanitazama. Nikatazama sufuria. Akajikohoza, akasema, "Baba ameenda Ilagala, mama. Kufuata samaki. Kasema mpike, atachelewa." Kapitolina akamtafsiria mama, naye Bi Tausi akabeua mdomo, "Huyo naye kila siku Ilagala," akala chakula chote. Hamisi akatoka nje, akasimama nyuma ya banda la kuku akalia peke yake. Sikumfuata. Mtu mzima anahitaji pa kulilia.

Tangu hapo jioni ilikuwa yake. Akitoka kuswali magharibi, mkono huu mama yake, mkono huu mama wa Kapitolina, wanaizunguka mitaa. Siku za mwanzo kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi asionekane. Baadaye akaipandisha. Baadaye akaanza kuzijibu salamu za makofi kwa makofi. Wakifika mlangoni anabisha hodi kwake mwenyewe, na Sofia anaitikia kutoka ndani, "Karibuni wageni, poleni na safari!" Wale vikongwe wanakaa, wananyoosha miguu, wanashukuru wamefika.

Bi Tausi alikufa mkono wake uko mkononi mwa Hamisi. Alimwita kwa jina la kaka yake wa Burundi, na Hamisi akaitika. Mama wa Kapitolina alifuata msimu wa mvua, akazikwa na padri, na Hamisi wetu wa safu ya mbele alibeba jeneza begani. Vita ilipotulia Kapitolina akarudi kwao. Hamisi alimsindikiza mpaka mahali ambapo hakuruhusiwa kwenda mbele zaidi, akasimama pale mpaka gari limepotea, na nyumbani hakula.

Sasa ndiyo jibu lenu. Kituo kipo, nasikia kipo mji mwingine, kina geti na kamera, bei yao sijui na sitaki kujua. Na mimi magoti yamekufa, siwezi tena kazi. Lakini jana jioni nilijikongoja mpaka kwenu kurudisha mfuko. Nilimkuta babu yenu kasimama mlangoni, kofia kichwani, bakora mkononi. Wewe Tunu ulikuwa kwenye kochi na simu, unamwambia bila kumtazama, "Babu, si hapa ndiyo kwako? Kaa basi." Mtu mzuri wewe, mkweli kama yeye alivyokuwa.

Akaniona. Jina langu hakulikumbuka. Akaniinamia, akapiga makofi taratibu, akaniambia kwa ile lugha ya mama yake aliyoionea aibu zamani, "Ndashaka gutaha."

Nikamwambia twende. Tulikwenda mpaka kona ya msikiti, mimi nachechemea, yeye ananihimiza. Alinisimulia kwamba baba yake yuko Ilagala anafuata samaki. Nikasema najua, kachelewa kidogo. Tukarudi. Akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akavua kofia, akabisha hodi.

Mkanyamaza wote. Rajabu ukasema, "Babu ulikuwa wapi?" Akabisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nawaangalia, na sikuwafundisha, maana nilitaka kuona mtafanya nini. Akabisha mara nyingine, sauti imepungua, kisha akageuka akaniambia, "Twende zetu, dada. Humu hawatujui."

Tumelala kwangu. Anapumua vizuri, kanywa uji. Kufuli lenu sikulirudisha, nimewafungia kuku. Leo jua likishuka nitamsindikiza tena mpaka kwenu, nipo na magoti yangu haya, na atabisha hodi.

Bei ni hiyo hapo. Semeni karibu.